Tafsiri kwa Mashine ya Lugha za Alama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaokusudia Kufanya Uzamivu

Maswali haya ni yale yanayorudi tena na tena kutoka kwa wanafunzi wa umahiri, wahandisi wa kompyuta, walimu wa shule za viziwi na wakalimani wanaofikiria kufanya utafiti wa uzamivu katika eneo hili. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Misingi

1. Je, lugha ya alama ni moja duniani kote?

Hapana, na dhana hiyo huharibu mapendekezo mengi ya utafiti kabla hayajafika ukurasa wa pili. Shirikisho la Viziwi Duniani hutaja lugha za alama zaidi ya 300 na viziwi zaidi ya milioni 70. Lugha hizo hazifuati mipaka ya lugha za sauti. Waingereza na Wamarekani huzungumza Kiingereza, lakini kiziwi wa London na kiziwi wa Chicago hawaelewani kwa lugha zao za kila siku. Hata alfabeti zao za vidole ni tofauti, ya kwanza ikihitaji mikono miwili na ya pili mmoja. Lugha ya Alama ya Marekani ina undugu wa karibu zaidi na ile ya Ufaransa, kwa sababu mwalimu kiziwi Laurent Clerc alitoka Ufaransa akashiriki kuanzisha shule ya Hartford mwaka 1817.

Kwetu hali ni hiyo hiyo. Kenya, Uganda na Tanzania zina lugha zao za alama, ingawa Kiswahili kinavuka mipaka yote mitatu. Lugha ya Alama ya Tanzania, yaani LAT, imekulia kwa sehemu kubwa katika shule za bweni, kuanzia ile ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1963, na wahitimu wa kila shule walitoka na alama zao (tazama swali la 18). Kwa hiyo modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, iliyofunzwa kwa video za Marekani haihamishiki Dodoma kwa kubadilisha tu maandishi yanayotoka mwisho.

2. Tuseme “lugha ya alama” au “lugha ya ishara”? Na watu wenyewe tuwaiteje?

Tanzania imezoea “lugha ya alama”, Kenya husema zaidi “lugha ya ishara”. Ukurasa huu unatumia “alama” kwa sababu neno “ishara” linabeba pia mambo yasiyo lugha, kama vile kumpungia dereva wa daladala mkono. Kuhusu watu, “kiziwi” na “viziwi” ndiyo maneno ambayo jumuiya yenyewe huyatumia, na yamo katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. “Bubu” ni tusi, na halina nafasi katika tasnifu.

3. Kwani alama si maneno ya Kiswahili yaliyohamishiwa mikononi?

Si hivyo. Mwaka 1960 William Stokoe, aliyekuwa akifundisha Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington, alionyesha kwamba alama za Kimarekani zinaundwa kwa vipashio vidogo visivyo na maana peke yake, kama fonimu za lugha za sauti: umbo la mkono, mahali mkono ulipo na mwendo wake. Baadaye wanaisimu waliongeza uelekeo wa kiganja na kazi ya uso, kichwa na kiwiliwili. Katika lugha nyingi za alama zilizochunguzwa, kuinua nyusi kunatosha kugeuza kauli kuwa swali, na nafasi iliyo mbele ya msemaji hutumika kuwapanga watu wanaozungumziwa, kila mmoja na upande wake, kisha vitenzi husafiri kati yao.

Ipo pia mifumo ya kuashiria lugha ya sauti neno kwa neno, kama ule wa Kiingereza cha mikono uliotumika kwa miaka mingi katika madarasa ya Kenya. Huo ni ufundi wa kufundishia. Mtafiti akirekodi walimu wanaoutumia bila kujua, atajenga mashine inayofasiri Kiingereza kwenda Kiingereza na kudhani amefasiri lugha ya alama.

4. Utambuzi wa alama na tafsiri kwa mashine vinatofautianaje?

Utambuzi hupokea video fupi na kutaja jina la alama iliyomo. Utambuzi endelevu hupokea sentensi nzima na kutoa mfuatano wa majina ya alama. Tafsiri hupokea sentensi au hotuba iliyoalamishwa, yaani iliyotolewa kwa lugha ya alama, na kutoa sentensi ya Kiswahili ambayo Mswahili angeiandika, ikiwa na ngeli, nyakati na viunganishi vyake, au hufanya safari hiyo kinyume. Miradi mingi inayotangazwa kama “kifaa cha kutafsiri lugha ya alama” hutambua herufi za vidole zilizopigwa picha moja moja. Hilo ni zoezi zuri la mwanafunzi wa shahada ya kwanza, lakini tasnifu ya uzamivu haiwezi kusimama juu yake.

5. Vipi kuhusu glavu zinazogeuza alama kuwa sauti?

Glavu hupata umaarufu kila baada ya miaka michache. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa University of Washington walipata tuzo ya dola 10,000 kwa glavu za namna hiyo, na viziwi na wanaisimu wa lugha za alama wakazikosoa mara moja. Glavu haioni uso, na kama ilivyoelezwa katika swali la 3, sehemu ya sarufi iko usoni. Tena inamtaka kiziwi ndiye avae chombo ili anayesikia asihangaike kujifunza chochote. Ukitaka kufanya uzamivu, tumia kamera.

## Data

6. Data za kufunzia modeli zinapatikana wapi?

Kwa muda mrefu kipimo cha eneo hili kilikuwa RWTH-PHOENIX-Weather 2014T, mkusanyo wa taarifa za hali ya hewa za televisheni ya Ujerumani zilizokalimaniwa kwa Lugha ya Alama ya Ujerumani. Una sentensi 8,257 na waalamishaji, yaani watu wanaoonekana wakitumia lugha ya alama, 9 tu. Karibu kila makala ya miaka ya 2018 hadi 2022 iliujaribu, na ndiyo maana eneo zima lilijua sana kufasiri mvua na mawingu na kujua kidogo sana mambo mengine. Baadaye ikaja mikusanyo mikubwa zaidi: How2Sign yenye zaidi ya saa 80 za Lugha ya Alama ya Marekani, BOBSL yenye zaidi ya saa 1,400 kutoka vipindi vya BBC, na mwaka 2023 YouTube-ASL yenye takriban saa 984 na waalamishaji zaidi ya 2,500.

Katika Afrika Mashariki, kazi ya kuanzia ni ya mradi wa AI4KSL wa Chuo Kikuu cha Maseno, uliokusanya sentensi za Kiingereza zipatazo 14,000 na video zipatazo 20,000 za Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo wenyewe huiita KSL. Angalia vizuri upande wa maandishi: ni Kiingereza. Anayetaka kufasiri KSL kwenda Kiswahili bado ana kazi ya kuandika tafsiri za Kiswahili, na azifanye kwa kutazama video zenyewe. Akifasiri kutoka kwenye sentensi ya Kiingereza atakuwa amepima Kiingereza chake. Upo pia mkusanyo wa JWSign wa mwaka 2023, unaotokana na tafsiri za Biblia katika lugha za alama 98, za Kiafrika zikiwemo. Ni hazina kwa lugha zisizo na kitu kingine, ila modeli iliyolelewa na maandiko matakatifu itashangaa ikiulizwa bei ya nyanya.

7. Glosi ni nini, na kwa nini watafiti hawaachi kubishana juu yake?

Glosi ni neno la lugha ya maandishi, kwa kawaida katika herufi kubwa, linalotumika kama lebo ya alama. Mtafiti anaweza kuandika KESHO SOKO KWENDA SITAKI chini ya video, kama kielelezo tu cha namna glosi zinavyoonekana. Zilipendwa kwa sababu zinaigawa kazi ngumu katika hatua mbili: kutoka video hadi glosi, kisha kutoka glosi hadi sentensi. Faida hiyo ni ya kweli. Makala ya mwaka 2018 iliyoitambulisha PHOENIX 2014T ilipata 9.58 kwa BLEU, kipimo cha ubora wa tafsiri (tazama swali la 11), bila glosi na 18.13 kwa kupitia glosi.

Ubaya wake ni kwamba glosi hutupa kile ambacho lebo haiwezi kubeba. Nyusi zilizoinuliwa, kitenzi kilichoelekezwa kushoto badala ya kulia, mwendo uliorudiwa kuonyesha kwamba jambo hutendeka mara kwa mara: vyote hupotea, na hatua ya pili ya mashine haiwezi kuvirudisha. Wachambuzi wawili wanaweza pia kuipa alama moja lebo mbili tofauti, hata ndani ya mradi mmoja, wasipopewa mwongozo wa pamoja. Na kuandika glosi ni kazi ya polepole mno. Dakika moja ya video huweza kula saa kadhaa za mtu aliyefunzwa.

Badala yake wapo wanaotumia maandishi yanayochora umbo la alama yenyewe, kama HamNoSys iliyobuniwa Hamburg katika miaka ya 1980, au SignWriting ya Valerie Sutton ya mwaka 1974. Maoni ya anayejibu hapa ni kwamba mtafiti wa LAT au KSL asianze kwa kuglosi kila kitu. Aglosi sehemu ndogo kwa uangalifu, kwa programu ya kuandikia maelezo kwenye video kama ELAN, ili apate macho ya kuichambulia modeli yake. Muda uliobaki autumie kupata video nyingi zenye tafsiri nzuri.

8. Je, video za taarifa ya habari zenye mkalimani kwenye kona hazitoshi?

Zinavutia kwa sababu ni nyingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Kenya ya mwaka 2003 ilizitaka televisheni ziweke mkalimani au maandishi katika taarifa zote za habari, na KSL ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge la Kenya kwa mujibu wa ibara ya 120 ya Katiba ya 2010. Kwa hiyo maktaba za vipindi zipo.

Matatizo ni manne, na hayana uzito sawa. Kisanduku cha mkalimani ni kidogo, na vidole vinakuwa ukungu. Mkalimani hubaki nyuma ya msomaji wa habari kwa sekunde kadhaa, na umbali huo hubadilika, hivyo sentensi unayodhani inalingana na video huenda ni ya habari iliyopita. Haki za matangazo ni za kituo, wala hazipatikani kwa kupakua. Lakini zito kuliko yote ni kwamba mkalimani anayekimbizana na habari huegemea muundo wa lugha anayoisikia, na pengine yeye si kiziwi. Modeli iliyofunzwa kwake peke yake itaelewa wakalimani, kisha itakwama mbele ya bibi kiziwi wa Mumias anayesimulia jambo kwa lugha yake.

9. Nahitaji saa ngapi za data?

Hakuna kizingiti. Chukua mfano wa YouTube-ASL: kwa saa zote hizo 984, matokeo ya kwanza yaliyochapishwa, yaliyopimwa kwa How2Sign, yalikuwa BLEU ya 12.39 (tazama swali la 11). Mwenye saa 20 asiahidi tafsiri ya jumla. Aahidi uwanja mmoja, kama vile mazungumzo ya mapokezi ya zahanati, na aueleze mpaka wake waziwazi.

## Modeli na upimaji

10. Mfumo wa kisasa unafanyaje kazi, kwa maneno ya kawaida?

Video ni picha zinazofuatana, mara nyingi 25 kwa sekunde. Sentensi ya sekunde nne ina fremu 100. Hatua ya kwanza ni kupunguza mzigo huo, na njia mbili hutumika. Ya kwanza ni kuupitisha kila mkato wa video katika mtandao wa neva bandia uliokwisha kufunzwa kutazama video. Ya pili ni kutafuta nukta za viungo: programu ya MediaPipe Holistic hutoa nukta 543 kwa kila fremu, 468 za uso, 33 za mwili na 21 za kila mkono. Uso unapata sehemu kubwa kuliko inavyohitaji, na watafiti wengi huchuja. Mfumo wa kwanza wa YouTube-ASL ulibakisha nukta 85.

Hatua ya pili ni transfoma, na hapa si ile ya TANESCO. Ni aina ya mtandao wa neva bandia unaojifunza ni fremu zipi zitazamwe kwa pamoja ili kutoa neno linalofuata. Siku hizi sehemu ya kutoa maandishi haianzi tupu. Huchukuliwa modeli iliyokwisha kusoma maandishi mengi ya lugha lengwa. Kwa Kiswahili hilo linawezekana, kwa kuwa modeli za lugha nyingi zimekisoma, ila hatari yake ni kubwa: modeli inayojua Kiswahili vizuri na kuelewa video vibaya hutunga sentensi safi isiyo na uhusiano wowote na kilichoalamishwa. Sentensi mbovu humtahadharisha msomaji. Sentensi safi ya uongo, hasa hospitalini, hupita bila kushukiwa.

11. BLEU ni nini, na alama ngapi zinachukuliwa kuwa nzuri?

BLEU ni kipimo kilichobuniwa IBM mwaka 2002, kinachohesabu ni mifuatano mingapi ya maneno ya mashine imo pia katika tafsiri ya mtu. Alama nzuri inategemea data. Katika hali ya hewa ya Ujerumani mifumo ilivuka 20 kufikia mwaka 2020, kwa sababu matangazo hayo yana sentensi za kukariri. Mfumo ule ule ukipelekwa kwenye hotuba za kawaida huporomoka. Katika shindano la kimataifa la tafsiri kwa mashine, WMT, la mwaka 2022, lililotumia Lugha ya Alama ya Uswisi ya Kijerumani, watu waliotathmini waliziweka tafsiri za binadamu juu sana na mifumo yote karibu na sifuri. Hayo ndiyo matokeo ambayo kila mwombaji wa uzamivu angepaswa kuyasoma kwanza.

Usiripoti BLEU peke yake. Waombe viziwi wanaosoma Kiswahili vizuri wapime tafsiri, pamoja na wakalimani, na uwape video iliyotangulia na inayofuata. Utafiti mmoja wa Lugha ya Alama ya Marekani ulikuta kwamba kwa takriban theluthi moja ya sentensi, viziwi wenyewe hawakuweza kuelewa sehemu muhimu za kipande kilichokatwa bila muktadha wake. Ikiwa mwenye lugha anashindwa, mashine inaonewa.

12. Kiswahili kikiwa lugha lengwa, kazi inakuwa rahisi au ngumu?

Yote mawili, na hapa pana mada ya uzamivu ambayo mtafiti wa Ulaya hawezi kuiona kwa urahisi.

Urahisi kwanza. Katika lugha nyingi za alama, nafsi ya tatu huonyeshwa kwa kuelekeza kidole mahali ambapo mtu huyo alipangwa, na kidole hakisemi kama ni mume au mke. Kiingereza kinailazimisha mashine kuchagua, na mashine hukisia. Kiswahili hakiulizi: “amefika” inatosha. Vilevile kitenzi cha kupa, katika lugha hizo, husafiri kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji, kikibeba mtenda na mtendwa kwa mwendo mmoja, kama “nimekupa” inavyowabeba wote wawili katika neno moja. Mashine inaweza kufundishwa uhusiano kati ya upande wa mkono na viambishi vya kitenzi, na jambo hilo linaweza kupimwa kwa majaribio yaliyoandaliwa vizuri.

Ugumu uko kwenye vipimo. Tuseme kiziwi amealamisha kwamba wao hawakutuona, na tafsiri sahihi ni “Hawakutuona”. Mashine ikakosea upande wa kitenzi na kuandika “Hatukuwaona”. Kwa BLEU, neno moja halikulingana na jingine, basi alama ni sifuri, sawa na kama ingeandika “Ndizi”. Ukigeukia chrF, kipimo kinachohesabu herufi badala ya maneno, herufi nyingi zinalingana, kwa hiyo alama inakuwa ya heshima, na maana imegeuka kichwa chini. Kipimo cha kwanza kinaadhibu kupita kiasi, cha pili kinasamehe kosa kubwa kuliko yote. Anayebuni njia ya kupima viambishi vya nafsi kimoja kimoja atakuwa amezipa lugha za alama na Kiswahili zawadi kwa mkupuo mmoja.

13. Na kutoka maandishi kwenda alama? Avata zinafaa?

Upande huu ni mgumu zaidi kuupima, kwa sababu matokeo ni mwili unaosogea. Avata, yaani watu wa kuchorwa na kompyuta wanaoalamisha, za zamani, kama zile za miradi ya Ulaya iliyoanza karibu na mwaka 2000, ziliendeshwa kwa HamNoSys na zilikuwa na uso uliokufa. Siku hizi zipo modeli zinazochora video ya mtu asiyekuwepo. Mwaka 2018 Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha kimataifa cha wakalimani, WASLI, walitoa tamko la pamoja wakionya avata zisichukue nafasi ya wakalimani, na wakaziona zinafaa zaidi kwa taarifa zisizobadilika zilizotayarishwa mapema na kukaguliwa. Tangazo la treni kuchelewa, sawa. Daktari kueleza matokeo ya saratani, hapana.

## Safari ya uzamivu

14. Je, ni lazima nijue lugha ya alama?

Ndiyo, kwa kiwango cha kuweza kukaa na viziwi bila mkalimani na kufuata mazungumzo. Mapitio ya mwaka 2024 yaliyoongozwa na watafiti viziwi yalisoma makala 101 za akili mnemba kuhusu lugha za alama, na lalamiko lake kuu ni kwamba eneo hili linaongozwa na wasioijua lugha wanayoitafiti. Aliyekaa mwaka mzima akisafisha data za lugha asiyoijua hawezi kuona kwamba nusu ya video zimegeuzwa kama kioo, kulia kuwa kushoto. Kozi za CHAVITA au mafunzo ya ukalimani ya Chuo Kikuu cha Kyambogo nchini Uganda ni mahali pa kuanzia. Anza kabla ya kuandika pendekezo.

15. Nahitaji shahada gani, na niombe idara ipi?

Umahiri wa sayansi ya kompyuta au wa isimu unatosha, mradi usimamiwe na watu wawili wanaotoka idara hizo mbili. Msimamizi wa kompyuta peke yake atakusukuma kwenye alama za BLEU, na wa isimu peke yake hatakuambia kwamba data zako za majaribio zimevuja ndani ya data za mafunzo. Nje ya Afrika, vyuo vikuu vya Surrey, Zurich, Hamburg na Dublin City ni majina yanayojulikana kwa kazi hii. Hesabu miaka mitatu hadi mitano, na mwaka wa kwanza wote uuhesabu kuwa wa lugha na data.

16. Mada yangu iwe na upana gani?

Finyu kuliko unavyodhani. Tasnifu zilizodumu zilichagua jambo moja. Mwaka 2006 University of Pennsylvania ilitoa tasnifu juu ya namna ya kuzalisha viainishi, yaani maumbo ya mkono yanayosimamia gari au mtu na kusogezwa hewani, kwa Lugha ya Alama ya Marekani. Mwaka 2008 Dublin City University ilitoa nyingine juu ya tafsiri inayojifunza kutokana na data kwa lugha za alama, wakati watafiti wengi bado walikuwa wakiandika kanuni za tafsiri kwa mkono. “Mfumo wa kutafsiri LAT” si mada. “Upatanisho wa nafsi kutoka nafasi ya alama hadi viambishi vya Kiswahili” ni mada (tazama swali la 12), na “uhawilishaji wa modeli kutoka KSL kwenda LAT kwa data chache” pia ni mada.

17. Vibali na maadili yakoje?

Kibali cha utafiti Tanzania Bara hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kenya na tume ya huko, NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake. Juu ya hayo zipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Lakini karatasi hizo hazigusi kiini cha jambo. Data za lugha ya alama haziwezi kufichwa jina, kwa kuwa uso ni sehemu ya lugha. Ukiufifisha, umefuta sarufi. Kwa hiyo ridhaa iombwe kwa lugha ya alama yenyewe, irekodiwe kwa video, na ieleze kwa mifano nani atauona uso wa mtu huyo, kwa miaka mingapi, na nini kitafanyika akibadili mawazo baada ya modeli kufunzwa. Jumuiya ya viziwi ni ndogo, na kila mtu anamjua mwenzake.

Lipa. Mkono mtupu haulambwi, na hapa mikono yenyewe ndiyo data. Anayealamisha, anayekagua na anayefasiri wote wanafanya kazi ya kitaalamu, na majina yao, wakitaka, yaonekane kwenye makala kama waandishi wenza.

## Maswali ya pembeni

18. Nifanyeje na tofauti za alama kati ya shule na mikoa?

Usizisawazishe. Andika katika kila video mtu alisoma shule ipi, ana umri gani na alianza kualamisha lini, kisha gawa data ili shule nzima ibaki upande wa majaribio. Modeli iliyofunzwa kwa wahitimu wa shule ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, na kupimwa kwa wahitimu wa Tabora itapata alama za chini, na tofauti hiyo ni tokeo halali la sura nzima ya tasnifu. Kuchagua “alama sanifu” ni uamuzi wa jumuiya, wala si wa mwanafunzi mwenye tarehe ya kuwasilisha.

19. Majina ya watu na mahali yanafasiriwaje?

Kwa tahajia ya vidole au kwa alama za majina. Vidole vinapokimbia, herufi huungana na nyingine humezwa, na kamera ya kawaida huona ukungu tu. Alama ya jina ni ngumu zaidi: jirani anaweza kuitwa kwa kovu lake la shavuni, na hakuna modeli itakayojua kwamba huyo ni Mwanaidi bila kuambiwa. Andaa orodha ya majina kwa kila mazungumzo, na pima majina peke yake. Vinginevyo yatazama ndani ya wastani.

20. Nahitaji kompyuta ya aina gani?

Ukitumia nukta za viungo badala ya video kamili, kadi moja ya GPU, ile inayoharakisha hesabu za modeli, inatosha kwa data za saa makumi kadhaa. Kutoa nukta zenyewe huchukua siku nyingi lakini hufanywa mara moja. Diski ndizo zinazosahaulika: nunua nakala mbili za kila kitu.

21. Je, mashine itawanyang’anya wakalimani kazi?

Kwa ubora ulioelezwa katika swali la 11, hapana. Hofu iliyo karibu zaidi ni ya ofisi au shule itakayokataa kumlipa mkalimani kwa kisingizio kwamba “kuna programu”. Andika katika kila toleo la mfumo wako mahali usipotumike, kwa maneno ambayo karani wa mapokezi ataelewa.

22. Nikimaliza na BLEU ya 2, nitafaulu?

Unaweza kufaulu, ikiwa tasnifu inaonyesha kwa nini ni 2. Wasilisha mkusanyo uliopimwa vizuri, mgawanyo wa data usiovuja, uchambuzi wa makosa uliofanywa na viziwi, na tofauti ya wazi kati ya kosa la kuona mkono na kosa la kutunga sentensi. Mtahini atauliza pia kwa nini hukuripoti mfumo wa bahati, yaani ule unaotoa sentensi inayojirudia zaidi bila kutazama video yoyote. Upime mapema, kwa sababu wakati mwingine huo ndio unaopata 2.